Isale Kwenye Theluji

Jedidah alikuwa amemwambia Anselm asikanyage tena pale kanisani, na Anselm, kwa ule ugonjwa wake wa kutii, hakukanyaga.

Jumapili hiyo benchi la mwisho, lile la karibu na hita, lilikuwa tupu. Jedidah aliligeukia wakati wa wimbo wa kwanza. Akaligeukia tena wakati wa maungamo, saa ambayo mtu mwenye adabu anatakiwa awe ameinamisha kichwa. Mahubiri yalipoanza aliapa moyoni kwamba hatageuka tena, lakini shingo ilikataa kumsikia. Benchi lilikuwa tupu vilevile.

"Utavunjika shingo," Philister alimnong'oneza. "Si ni wewe ulimwambia asikuje?"

"Nani kakwambia namtafuta yeye?"

"Basi unatafuta nani, Roho Mtakatifu? Huyo huwa anakaa mbele."

Philister alikuwa Mkenya wa Kisumu. Walikuwa wakipanga pamoja apatimenti moja ndogo pale Saint Paul, Marekani, wote wawili wanafunzi wa uuguzi, na mdomo wake ulikuwa hauna breki. Jedidah alimfinya paja akanyamaza, angalau mpaka aya iliyofuata.

Ilikuwa Februari ya mwaka 1996, baridi ile ambayo ukivuta pumzi nje unasikia vinyweleo vya pua vikigandamana. Watanzania na Wakenya wachache wa Kilutheri walikuwa wameazimwa ukumbi wa chini wa kanisa la Wamarekani, mchana, wenyewe wakishamaliza ibada yao na kahawa yao. Kuta zilikuwa za rangi ya maziwa na vitabu vya nyimbo vilikuwa vimetoka nyumbani ndani ya masanduku ya watu. Ukifumba macho wakati wa wimbo, unaweza kudhani uko Machame, kule Kilimanjaro.

Jedidah alikuwa wa Machame hasa, tena binti wa mwinjilisti. Anselm alikuwa Mkatoliki, tena wa Kibosho, majirani wa Machame, na hapo ndipo penye mgogoro wote.

Kijana huyo, jamani, lazima asifiwe hata kama aliyetakiwa kumsifu alikuwa amenuna. Kila Jumapili asubuhi alisali Misa kwao Burnsville. Halafu aliingia kwenye kigari chake kikuukuu, akapanda barabara ya thelathini na tano mpaka Saint Paul, kuja kukaa benchi la mwisho la Walutheri. Watu wengine Jumapili moja inawashinda, yeye alikuwa anazo mbili kwa siku. Tena akifika hakuingia kwanza. Alichukua koleo lililoegemezwa ukutani, akaondoa theluji kwenye ngazi za kanisa ambalo si lake, ili akina mama wasiteleze. Akimaliza ngazi, alichota maji jikoni akamwagilia isale.

Isale lenyewe lilikuwa kwenye chungu kikubwa pale mlangoni, nyuma ya kioo, majani yake marefu mabichi yakitazama theluji. Wamarekani walidhani ni ua tu. Kumbe kwa Mchaga, isale ni mdomo wa aliyekosa. Mtu akikosana na mwenzake, hata kosa likiwa zito namna gani, hukata jani la isale, akalifunga fundo, akampelekea. Aliyeletewa isale halikatai. Akilikataa, ukoo mzima utamshangaa.

Ni hapo mlangoni Anselm alipomsemesha Jedidah mara ya kwanza, mwaka mmoja uliopita. Alikuwa amesimama anaukodolea macho ule mmea, koti bado limejaa theluji mabegani. "Dada," alimwuliza, "huyu mwenzetu amefikaje huku? Au na yeye ana viza ya mwanafunzi?" Jedidah alicheka mpaka kahawa ikamwagikia viatu vyake. Alipoinua macho, yule kijana alikuwa bado anamtazama, mtazamo wa polepole usio na haraka ya kwenda kokote. Tangu siku hiyo Jedidah hakuwa na amani, yaani alikuwa na ile raha ambayo haimwachi mtu alale.

Sasa alikuwa amemfukuza.

Ugomvi ulitokea Ijumaa, kwenye lile duka kubwa la Bloomington ambako majira ya baridi watu huenda kutembea tu, maana ndani kuna joto na hakuna anayekuuliza umekuja kununua nini. Walikaa kwenye kibenchi, kila mmoja na kikombe chake cha chokoleti ya moto. Jedidah alikuwa amejiandaa.

"Ijumaa ijayo," alisema, "mahakamani. Philister atakuwa shahidi. Nusu saa tu, tumeshaoana."

Anselm aliweka kikombe chini. "Na baba yako?"

"Baba yangu amesema hana mtoto. Asiye na mtoto haombwi ruhusa."

"Jedi, mzee alisema vile kwa hasira."

"Na mimi naolewa kwa hasira."

Anselm alicheka. Hakupaswa kucheka, lakini ndivyo alivyokuwa, kicheko kilimtoka kabla hajakipima. Jedidah hakucheka. Bado alikuwa na ile sauti masikioni, sauti ya baba yake, mwinjilisti Aminieli, kutoka kwenye simu ya ofisi ya usharika. Anselm ndiye aliyeongea naye kwanza, kwa heshima zote, akajitambulisha, akataja ukoo wake na parokia yake. Mzee akasema hapana, moja tu, kavu. Kisha akamtaka binti yake. "Ukiolewa na huyo," alimwambia, "usiniite baba." Halafu kadi ya simu ikaisha. Hiyo ilikuwa Novemba, na tangu hapo Jedidah hakupiga tena.

"Unarudi nyumbani mwezi wa sita," alimwambia Anselm. "Chuo kinakungoja ukafundishe. Mimi nabaki huku na shule yangu. Utakaa kule bila mke, Wakibosho wote wamekuzunguka na mabinti zao, na mimi sina hata karatasi ya kusema huyu ni wangu."

"Mimi ni wako bila karatasi."

"Hayo ni maneno ya kwenye kanga, Anselm."

"Haya, nisikilize basi." Alimshika mkono, vidole vyake vikiwa bado na joto la kikombe. "Mzee amenikatalia. Siwezi kumzunguka nikapitia mlango wa nyuma."

"Amekukatalia kwenye simu! Hata sura yako haijui!"

"Ndiyo maana nataka anikatalie usoni. Anitazame machoni aseme hapana. Hapo nitajua nimekataliwa kweli."

"Na akisema?"

"Nitangoja."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mmoja wetu achoke. Na mimi unanijua, sichoki upesi."

Jedidah aliuvuta mkono wake. "Huku nani anatuona? Hebu niambie. Mchungaji wa kwetu haoni, majirani hawaoni, shangazi zangu hawaoni. Watu wanakaa pamoja bila hata hiyo mahakama na jua linachomoza!"

"Hapo ndipo penyewe." Sauti yake ilishuka, na Jedidah alijua kwamba akishusha sauti hivyo amefika mahali ambapo hatoki. "Nyumbani nilikuwa natii kwa sababu mama yuko jikoni, padri yuko jirani na kila mtu ananijua mimi ni mtoto wa nani. Sikujua kama ni utii au ni woga. Nimekuja huku hakuna anayenijua. Kanisa nisipokwenda hakuna anayeniuliza. Nikaona sasa ndiyo nitajua. Jedi, mimi nataka kuwa mtu ambaye anamtii Mungu hata kama hakuna anayemwona. Maana siku moja asiyeniona utakuwa ni wewe. Utakuwa shifti ya usiku, mimi niko peke yangu. Ungependa wakati huo nisiwe na utii?"

Jedidah alianza kuvaa glavu zake.

"Amri ya nne," Anselm aliongeza, akijaribu kutabasamu. "Kuwaheshimu wazazi. Kwenu ni ya nne, kwetu ni ya nne. Baba yako na padri wangu hapo hawana ugomvi."

"Mimi nakupenda wewe," Jedidah alisema akisimama, "na wewe unapenda amri."

"Si kweli, na unajua."

"Najua nini? Najua mwanaume akimtaka mwanamke anamchukua. Kama huji mahakamani Ijumaa, basi usije popote. Usije kwangu. Usije kanisani. Usikanyage!"

"Unasema kweli?"

"Kweli."

Jedidah alisubiri abishe. Alisubiri amshike bega, apige kelele, afanye chochote kile. Anselm alimtazama, macho yakajaa maji lakini hayakumwagika. "Haya," alisema.

Kisha akampeleka nyumbani, maana kwenye kituo cha basi angeganda. Walipofika, alingoja kwenye gari mpaka alipoona taa ya dirishani imewaka, ndipo akaondoka. Jedidah alilia akiwa na buti zake miguuni. Hata kumwacha kwenyewe kulikuwa kwa heshima, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Sasa mchungaji alikuwa akitoa matangazo, na tangazo la mwisho lilikuwa la mgeni. Mama mmoja mnene alisimama kwenye benchi la mbele. Alikuwa amechelewa kufika, na kwa kuwa alivaa koti la kuazima lililomfika vifundoni na kofia ya sufu iliyomshuka mpaka kwenye nyusi, Jedidah hakuwa amemtambua. Alipovua kofia, Jedidah alimjua mara moja. Alikuwa Mama Dinah, mwenyekiti wa umoja wa wanawake wa usharika wao kule Machame. Alikuja na wajumbe wa dayosisi.

Baraka zilipotolewa tu, Mama Dinah alimjia moja kwa moja, akamshika mkono na kumpandisha ngazi mpaka pale mlangoni. Philister aliwafuata bila kualikwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivi? Wanawalisha nini huku, barafu?" Alimpapasa mashavu. Halafu uso wake ukabadilika. "Nimetumwa kwako na baba yako. Lakini nina aibu, mwanangu. Nilichopewa nikuletee wamenipokonya."

"Nani amekupokonya?"

"Pale uwanja wa ndege. Kamekuja kambwa kadogo, kamevaa kikoti, kakaja kakakaa mbele ya mkoba wangu kakanikodolea macho. Askari akafungua, akakuta nimefunga kwenye gazeti, vizuri kabisa. Nikamwambia mwanangu, hiyo si mboga, hilo ni neno la mtu. Akaniambia asante mama, akalitupa kwenye pipa. Isale la watu!"

Jedidah alidhani amesikia vibaya. "Baba alikupa isale? Baba yangu mimi?"

"Baba yako. Kwa mkono wake."

Haikumwingia akilini. Mwinjilisti Aminieli alikuwa akihubiri kila mwaka kwamba Mkristo husamehe kwa sababu amesamehewa msalabani, si kwa sababu ya jani la mgombani. Watoto wake waligombana na kupatana kwa kushikana mikono na kusali Baba Yetu, na ole wake atakayetaja masale. Mtu huyo ndiye aliyeingia mgombani mwenyewe, akakata jani, akalifunga fundo?

"Niambie basi alichosema," Jedidah aliomba.

"Nikuambie mikono mitupu? Bila isale hizo ni salamu tu. Mzee ameshusha kichwa chake chini, halafu mimi nifike nikuletee salamu?" Mama Dinah alitikisa kichwa kwa uchungu, akageuka upande ili afute machozi, macho yakagota kwenye chungu. "Hili nalo ni nini?"

Alikuwa anautazama ule mmea. Aliinama, akashika jani, akalinusa, akatia kidole kwenye udongo. "Isale! Wamelitia kwenye chungu ndani ya nyumba! Nani analitunza? Lina afya kuliko la kwangu."

"Ni Anselm," Philister alijibu upesi. "Kila Sunday, mama. Huwa analipea maji hata kabla ajipee chai."

Mama Dinah alimtazama Jedidah kwa jicho lililojua mengi. Kisha, bila kuomba ruhusa kwa mtu, akakata jani. Lililia *tap*.

"Oh!" ilisikika nyuma yao. Alikuwa Bibi Arlene, mzee wa kanisa wa Kimarekani aliyekaa na funguo za jengo, mkononi ana sufuria la viazi vya jibini. Ua lile lilikuwa lake, alilileta kutoka kwake akiwa amelilea tangu mume wake yuko hai. Alilitazama pengo lililobaki kwenye shina, mdomo wazi.

Philister alimwahi kwa Kiingereza. "Arlene, usikasirike. Kwao hawa, hili si ua. Huyu mama amebeba maombi ya msamaha ya baba wa Jedidah, na kwao mtu anaomba kwa jani hili. Ni kama kupiga magoti."

Bibi Arlene alimtazama Jedidah, akamtazama yule mama aliyeshika jani kama mtu aliyeshika mtoto mchanga. Aliweka sufuria lake chini taratibu. "Basi," alisema, "mwambie kama halitoshi, akate na lingine."

Mama Dinah alilifunga jani fundo, akavua lile koti la kuazima, akasimama wima. Alimnyoshea Jedidah jani kwa mikono miwili.

"Jedidah binti Aminieli. Baba yako anasema hivi. Anasema, neno nililokuambia kwenye simu si neno la baba. Nilitaka kulirudisha palepale, nikakuta simu imekatika. Nimekaa na neno hilo kifuani mpaka leo. Nimewahubiria watu kusamehe, na mwenyewe nimeshindwa kuomba. Mwanangu, nisamehe."

Jedidah alilipokea kwa mikono miwili, akakaa chini pale pale kwenye zulia la kukung'utia buti. Alilia bila kujificha. Alimwona baba yake na koti lake la kijivu, amesimama kwenye kile kiofisi cha usharika na simu iliyokatika mkononi, anaita halo, halo. Miezi yote hiyo yeye alidhani amefungiwa mlango. "Nimemsamehe," alisema. "Nimemsamehe, mama. Mwambie na yeye anisamehe mimi."

"Nitamwambia. *Aika*, mwanangu," alishukuru Mama Dinah kwa Kichaga, akavuta kiti akakaa. "Sasa nikuambie kilichomlainisha, maana baba yako si mtu wa kulainika hivihivi. Ni mama yake na huyu kijana."

"Mama yake Anselm?"

"Alikuja Machame kwa miguu. Mara ya kwanza alifika kwenu, baba yako hakutoka nje. Mara ya pili vilevile. Sasa Jumapili moja tunatoka ibadani tunamkuta amekaa kwenye ukuta wa kanisa letu, rozari shingoni, isale mkononi. Mama wa Kikatoliki, wa Kibosho, peke yake, katikati ya Walutheri wa Machame wote! Akamwendea baba yako mbele ya watu, akampa isale. Mzee akalitazama tu mpaka sisi tukaona aibu kwa niaba yake. Kisha akalipokea. Akamwuliza, mama, nimekukosea nini au umenikosea nini? Yule mama akamwambia, hatujakosana, baba. Ila mwanangu ana ombi. Anaomba umkatalie usoni, maana ya kwenye simu hakuisikia vizuri."

Philister alipiga makofi. "Aki huyo mama! Huyo ningemwoa mimi!"

"Akamwambia tena," Mama Dinah aliendelea, "mwanangu yuko nchi ambayo hakuna wa kumzuia, na binti yako yuko hukohuko. Lakini ameniambia hatamchukua mtoto wa mtu kama mwizi. Ukikataa, atangoja. Ndipo baba yako akakaa kwenye ule ukuta, mwenyewe hakujua kama amekaa. Unajua alisema nini? Alisema, kijana wa namna hii nimemtafuta kwenye mabenchi yetu yote, sikumpata. Nimemkosa kwetu kwa sababu Mungu alimweka kwa jirani."

Jedidah alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. "Amekubali?"

"Pole pole! Hakusema ndiyo. Amesema mje. Mje wawili, likizo yako ya kiangazi, mkae sebuleni kwake, aongee na nyie na padri awepo. Amesema kama kukataa, atakataa akimtazama kijana machoni. Lakini mimi nimemzoea mzee yule. Mtu anayetaka kukataa haagizi sebule ipakwe rangi."

"Anselm hajaniambia," Jedidah alisema. "Hata neno. Mama yake amefungiwa mlango kwetu, na mimi namwita mtu wa amri…"

"Angekuambiaje? Alijua ukisikia mama yake hakufunguliwa, utamchukia baba yako zaidi. Ameniambia mwenyewe leo ndani ya gari. Na mimi jibu la mzee nimemficha, lilikuwa lako kwanza."

"Gari gani?"

"Lililonileta. Kwani hujui? Wenyeji wangu gari lao limegoma kwa baridi, akaja kunichukua yeye. Nimemwambia, baba, ingia ndani, utakufa huku. Akasema yeye amekatazwa kukanyaga."

Jedidah aliinuka. "Yuko nje? Ibada nzima?"

"Na mahubiri yenyewe yalivyokuwa marefu," Mama Dinah alisema.

Jedidah alimgeukia Bibi Arlene. Alimwonyesha ule mmea kwa macho, na yule bibi, ambaye katika Kiswahili chote kilichosemwa hakuwa ameelewa hata neno, aliitikia kwa kichwa. Jani la pili likakatika. Jedidah alilifunga fundo huku anasukuma mlango kwa bega.

"Koti! We, koti!" Philister alipiga kelele.

Baridi ilimpiga kifuani akakosa pumzi. Kigari kilikuwa mwisho wa paking, vioo vimekuwa vyeupe kwa ndani kwa pumzi ya mtu. Alibisha. Kioo kilijaribu kushuka, kikakwama kwa barafu. Mlango ukafunguka kwa kelele, na Anselm akatokeza, kope zake zimefanya weupe, pua nyekundu, mikono imeingizwa makwapani. Hata katika hali hiyo kitu cha kwanza alichokitazama kilikuwa mabega ya Jedidah.

"Uko bila koti."

"Nyamaza kwanza." Alikuwa amepanga kusema mengi tangu mlangoni, yote yakamtoroka. Alinyosha mikono miwili. "Anselm. Nimekukosea."

Anselm aliliona jani, akaliona fundo. Aliteremka garini, maana kitu kama hicho hakipokelewi mtu akiwa amekaa, akavua glavu, akalipokea kwa mikono miwili. Walisimama hivyo, jani katikati yao, na wakati huu machozi yake yalimwagika.

"Hita imekufa?" Jedidah aliuliza, maana alihitaji kusema kitu cha kawaida.

"Imekufa tangu Burnsville."

"Kwa nini hukuingia ukasimama hata pale mlangoni?"

"Ulisema nisikanyage."

"Kwani wewe kila unachoambiwa unafanya?"

"Cha ninaowapenda najitahidi."

"Basi nakuambia ingia," Jedidah alisema. "Baba amesema twende. Wawili. Anakupakia rangi sebule."

Anselm alifumba macho. Midomo yake ilicheza kidogo, Jedidah akajua anashukuru, hakumkatiza. Alimtazama tu. Aliuona uso ule, ambao alikuwa tayari kuupoteza kwa nusu saa ya mahakamani, akaona kwamba mtu huyu hata akienda Kibosho na yeye abaki huku na shule yake, hatahitaji karatasi ya kumfunga. Sasa Jedidah angeweza kulala usingizi.

"Na Ijumaa?" Anselm aliuliza alipofumbua macho.

"Ijumaa nina shifti. Mahakama ijioe yenyewe."

Kile kicheko kilimtoka tena, kabla hajakipima, na safari hii Jedidah alicheka naye. Jani lilikuwa limeanza kuwa jeusi pembeni kwa baridi. Anselm alifungua zipu ya koti lake, akalilaza juu ya shati upande wa kushoto, akafunga zipu mpaka shingoni. Akavua kofia yake akamvika Jedidah, akaivuta mpaka masikioni. Philister naye alikuwa anakuja mbio na koti, anateleza, analalamika kwa Kijaluo.

Walipofika kwenye ngazi, Anselm alisimama. Jumapili hiyo hakuna aliyeziondoa theluji. Zilikuwa zimejaa, nyayo za Jedidah na za Philister ndizo pekee zilizoshuka.

"Ngoja kidogo," alisema, akinyosha mkono kuchukua koleo ukutani. "Mama Dinah atateleza."

"Anselm, umeganda! Ingia ndani kwanza!"

"Dakika moja tu."

Alianza na ngazi ya chini, akiinama kwa uangalifu asije akalikunja jani kifuani. Jedidah alivaa koti lake, akaona koleo la pili limeegemea ukuta, akalichukua, akaanza na ngazi ya juu.